Kuzitafuta Bendi Zisizovuma: Safari ya Majina kutoka Cambridge hadi Kinshasa



Hapa mezani nimeweka santuri mbili, moja juu ya nyingine. Walioketi mbele wanaiona ile ya juu: jalada lake lina picha ya soksi, soksi moja tu ya kufumwa, kazi ya msanii Ray Smith. Niliinunua nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, kwenye gulio la vitu chakavu, kwa bei ya chakula cha mchana. Bendi sikuijua. Usiku ule niliposikiliza mara ya kwanza sikuelewa kitu: gitaa lilikuwa likienda njia yake, saksafoni yake, dramu zikikatiza katikati kama mtu anayebishana na wote wawili. Nilichofanya ni kuligeuza jalada na kusoma nyuma. Yalikuwapo majina matano: Fred Frith, Tim Hodgkinson, John Greaves, Chris Cutler na Geoff Leigh. Niliyanakili kwenye daftari, na tangu siku hiyo sijaacha kuyafuata. Yamenitoa Cambridge yakanipeleka Uppsala, Brussels, Milano, hadi Kinshasa, na njiani nilikutana na Kiswahili chetu kikiwa kimevaa nguo nisizozitarajia.

Bendi ile inaitwa Henry Cow na albamu inaitwa Legend. Ilitoka mwaka 1973.

Neno langu la leo ni moja. Bendi za Ulaya za majaribio, zile ambazo redio hazikuzipiga na maduka hayakuziweka mbele, hazipatikani kwa kufuata jina la mtindo, na matangazo hayatakufikisha kwao. Zinapatikana kwa kufuata watu. Ukipenda dramu za albamu moja, mtafute aliyezipiga. Ukimpata, tazama amepiga na nani wengine. Kisha wafuate hao. Nasema hivi kwa sababu ndivyo bendi zenyewe zilivyoijenga njia yao. Zilipofungiwa barabara kuu zilipasua kichochoro, mtu akimshika mkono mtu, na ramani ya kichochoro hicho imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya majalada.

Wapenzi wa dansi hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alipoiacha bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, aliyokuwa nayo tangu miaka ya 1960, akaenda Mlimani Park mwaka 1978, watu walikwenda naye. Alipohamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, wakahama tena. Mitindo ilikuwa na majina yake, Msondo na Sikinde, na watu waliigombania. Lakini ukitaka kujua jioni hiyo uelekee wapi, uliuliza: Gurumo yuko wapi siku hizi? Bitchuka anaimba na nani? Stadi hiyo tunayo. Naomba tuivushe bahari.

Henry Cow ilianzishwa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Cambridge na wanafunzi wawili, Frith na Hodgkinson. Mwaka 1973 walitia saini na Virgin, kampuni changa iliyokuwa imeanza kwa kuuza santuri kwa njia ya posta. Mwaka huohuo Virgin ilitoa Tubular Bells ya Mike Oldfield, ikauza mamilioni, na kampuni ikawa tajiri. Muda si mrefu hesabu zikaanza kuulizwa: nani anauza, nani hauzi. Henry Cow hawakuuza.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye kisa kimoja cha mwaka huohuo, kwa sababu kinajibu swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka: kama muziki huu ni mzuri, mbona haujulikani? Kulikuwa na bendi ya Ujerumani iitwayo Faust. Walikuwa wakiishi na kurekodi Wümme, kijiji kilichopo kati ya Hamburg na Bremen, ndani ya jengo lililokuwa shule. Muziki wao ni vipande vilivyokatwa na kuunganishwa: kinanda, kelele ya mashine, wimbo mtamu wa dakika mbili, kisha mlango unafungwa. Albamu zao mbili za kwanza hazikuwa na wanunuzi wengi. Virgin walipowachukua, waliitoa The Faust Tapes, mkusanyiko wa vipande hivyo, kwa peni 49, bei ya santuri ndogo yenye wimbo mmoja. Ikanunuliwa kwa makumi ya maelfu. Nyumba za vijana Uingereza nzima zikawa na Faust. Baadhi waliichukia, wengine ikawageuza maisha, lakini wote waliisikia. Muziki haukurahisishwa hata nukta moja; kilichopungua ni bei. Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba watu hawana masikio ya muziki mgumu. Kwanza tuulize kama umefikishwa mlangoni kwao, na kwa shilingi ngapi.

Faust na Henry Cow walizunguka Uingereza pamoja mwaka huo wa 1973. Hapo tayari jina moja limeniongoza kwenye lingine.

Miaka iliyofuata Henry Cow waligundua kuwa wasikilizaji wao hawako nyumbani. Uingereza walipata maonyesho machache, ila Ufaransa, Italia, Uholanzi na Skandinavia kumbi zilijaa. Nchini Italia walipiga kwenye sherehe za chama cha kikomunisti, uwanjani, mbele ya familia zilizokuja kula na kunywa. Wakasafiri kwa basi lao, wakilala humo. Na kila walipokwenda walikuta bendi za wenyeji ambazo London haikuwahi kuzisikia, bendi zenye uwezo kama wao au zaidi, zikiimba Kiswidi, Kiitalia na Kifaransa. Biashara ya rock wakati huo ilikuwa na mlango mmoja, nao ulikuwa wa Kiingereza. Muziki ulitoka Uingereza na Marekani ukaenda kwa wengine. Wa wengine haukurudi.

Basi tarehe 12 Machi 1978, wakiwa na ruzuku ya pauni 1,000 kutoka Baraza la Sanaa la Uingereza, Henry Cow waliwaalika rafiki zao wanne jijini London, ukumbi wa New London Theatre. Waliuita mkusanyiko huo Rock in Opposition, yaani rock ya upinzani. Tangazo lao lilisema wazi kwamba huu ni muziki ambao kampuni za santuri hazitaki uusikie. Bendi zilikuwa tano: Henry Cow wenyewe, Samla Mammas Manna kutoka Uswidi, Univers Zero kutoka Ubelgiji, Stormy Six kutoka Italia na Etron Fou Leloublan kutoka Ufaransa.

Hao wa Ufaransa nitawapita haraka: besi, dramu, saksafoni, na sauti za watu wanaosimulia kwa pumzi moja kama wapiga debe wa stendi. Walianza mwaka 1973 huko kwenye milima ya kusini mashariki. Msikilize Guigou Chenevier anavyopiga dramu, inatosha.

Kwa Samla nitakaa. Bendi hii ilianza Uppsala mwaka 1969, na moyo wake alikuwa Lars Hollmer, mpiga kinanda na akodiani. Studio yao ilikuwa banda la kuku. Sisemi kwa mfano. Lilikuwa jengo la kufugia kuku kweli, na Hollmer aliendelea kuliita hivyo, Nyumba ya Kuku, akirekodi humo kwa miaka mingi. Akodiani tunaifahamu. Aliyekaa baraza za taarab Unguja anajua jinsi inavyovuta pumzi kabla ya fidla kuingia. Hollmer aliichukua ngoma ya kijijini kwao Uswidi, ile ya harusi na ya mavuno, akaivunjavunja miguu, akaongeza kicheko, sauti nyembamba za kitoto na mipigo isiyokaa mahali pamoja. Ukiisikiliza albamu yao Måltid ya mwaka 1973, dakika moja unadhani ni sherehe, dakika ya pili unadhani ni ajali, ya tatu unatambua kuwa wanne hawa wamefanya mazoezi mpaka wanaweza kuanguka pamoja na kusimama pamoja. Baadaye Hollmer akiwa peke yake alitunga kipande kifupi kiitwacho Boeves psalm. Hakina ugumu wowote. Nimekipiga darasani mara nyingi na sijawahi kuona mwanafunzi akikatiza kwa maneno kabla hakijaisha. Hollmer alifariki siku ya Krismasi ya mwaka 2008.

Univers Zero wako upande mwingine kabisa wa nyumba. Mpiga dramu Daniel Denis aliianzisha mwaka 1974 nchini Ubelgiji, na humo rock imekuja kukaa kwenye msiba. Kuna fidla, kuna kinanda cha mvukuto, na kuna basuni, lile zumari refu la mbao lenye sauti ya chini, likipulizwa na Michel Berckmans. Naliita zumari kwa makusudi. Basuni na zumari la pwani ni ndugu: sauti ya vyote viwili hutoka kwenye matete mawili yaliyobanwa pamoja, yakitetemeka kati ya midomo. Ndugu mmoja alipanda jukwaa la okestra, mwingine akabaki na ngoma za harusi Lamu na Unguja. Kwa hiyo msikilizaji wa pwani anayeisikiliza albamu ya Heresie ya mwaka 1979, ambayo kipande chake cha kwanza kina urefu wa dakika zipatazo 25, asijione mgeni. Ile sauti ya puani, inayolia bila machozi, anaijua.

Nao Stormy Six wa Milano walikuwa wakongwe kuliko wote, maana walianza mwaka 1966 wakiwa bendi ya vijana ya kawaida. Mwaka 1975 walitoa Un biglietto del tram, yaani Tiketi ya Tramu, nyimbo za vita vya Waitalia dhidi ya ufashisti, zilizoimbwa kwa magitaa ya mbao na fidla. Kampuni hazikuwafaa, wakaunda ushirika wa wanamuziki ulioitwa L'Orchestra, wakachapa na kusambaza wenyewe. Mwimbaji na mpiga gitaa wao, Franco Fabbri, alikuja kuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa muziki pendwa. Wanafunzi wa idara yetu wanamfahamu kwa nadharia yake ya mitindo, aliyoiwasilisha Amsterdam mwaka 1981. Kwa maneno yangu, alisema mtindo haufanywi na noti peke yake, bali na mapatano ya jamii: nani anapiga, wapi, wasikilizaji wakae vipi, fedha ipite mkono gani. Huyu si mtu aliyeyaona hayo kwenye vitabu kwanza. Aliyaona akiwa amebeba maboksi ya santuri za ushirika.

Ndiyo maana sipendi kuwaambia wanafunzi watafute «progresivu» au «ya majaribio». Hayo ni majina ya rafu za duka. Samla na Univers Zero wamewekwa rafu moja, na hawafanani kwa lolote isipokuwa urafiki. Urafiki ndio habari yenyewe.

Mtaniwia radhi nikiongeza jambo la lugha, maana mimi ni mtu wa Kiswahili kabla ya kuwa mtu wa santuri.

Nyingi kati ya bendi hizi zilikataa Kiingereza, na kukataa huko kuliubadilisha muziki wenyewe. Wimbo hutembea kwa miguu ya lugha. Mkazo wa neno ukihama, mpigo unahama; silabi zikiongezeka, mstari unarefuka na gitaa linalazimika kuusubiri. Mjini Paris, mpiga dramu Christian Vander alianzisha Magma mwaka 1969, akaona Kifaransa hakibebi alichokisikia kichwani, akabuni lugha yake, Kobaïan, na bendi yake inaiimba hadi leo. Wengi humcheka kwa hilo. Mimi nimesikiliza Mekanïk Destruktïw Kommandöh ya mwaka 1973 kwa miaka mingi na naamini alikuwa sahihi: kwaya ile isingeweza kusimama juu ya lugha iliyokwisha kuzoeleka na mapenzi ya redio.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Prague. The Plastic People of the Universe walianza mwaka 1968, mwaka ambao vifaru vya Kisovieti viliingia Czechoslovakia. Mwaka 1970 walinyang'anywa leseni ya kupiga muziki kwa malipo. Walikuwa wakiimba Kiingereza kwa kuigiza bendi za Marekani walizozipenda. Kisha akaja mpiga saksafoni, Vratislav Brabenec, akakubali kujiunga kwa sharti: nyimbo ziwe zao wenyewe, tena kwa Kicheki. Wakachukua mashairi ya Egon Bondy, mshairi aliyekatazwa kuchapishwa, wakayatia muziki wa fidla nzito na besi inayozunguka palepale kama ng'ombe wa kukamua mafuta. Waliyarekodi kwa siri ndani ya ngome ya Houska. Serikali iliyokuwa imewanyang'anya leseni tu wakiigiza Kiingereza haikuwavumilia wakisema Kicheki kila mtu akaelewa. Machi 1976 wakakamatwa pamoja na rafiki zao. Septemba mwaka huo mahakama ikamhukumu kiongozi wao wa sanaa, Ivan Jirous, kifungo cha miezi 18, na Brabenec miezi 8. Waandishi na wanafalsafa walioihudhuria kesi ile, Václav Havel akiwamo, walitoka na uamuzi kwamba kuwatetea wapiga muziki hawa ni kujitetea wao wenyewe. Januari 1977 ikatangazwa Charter 77, tamko la kudai haki za binadamu. Albamu ya Houska ikachapwa Magharibi mwaka 1978.

Kwa hiyo njia inaweza kufungwa na mwenye kampuni, na inaweza kufungwa na mwenye rungu. Prague walipata mateso ambayo London hawakuyajua, na sitaki kuyasawazisha. Ninachokiona pande zote mbili ni kwamba bendi ilianza kusikika kwa sauti yake siku ilipoanza kusema lugha yake.

Turudi kwenye kichochoro. Henry Cow walivunjika mwaka 1978, mwaka uleule wa onyesho la London. Desemba, wawakilishi wa bendi walikutana studio ya Sunrise huko Kirchberg, Uswisi, wakajiuliza kama Rock in Opposition iendelee, na nani aongezwe. Waliongezwa Art Zoyd wa Ufaransa, Art Bears wa Uingereza na Aksak Maboul wa Ubelgiji. Mwishoni mwa Aprili 1979 Stormy Six wakawapokea wote Milano, ukumbi wa Teatro dell'Elfo. Baada ya hapo chama kama chama kikafifia. Vikao havikuwa na mwisho, fedha haikuwepo, na kila mtu alikuwa na bendi ya kulisha. Kwa kipimo cha katiba na mihuri, hakikufika popote.

Kwa kipimo cha majina, kilifika mbali sana. Chris Cutler, yule mpiga dramu wa kwenye jalada la soksi, alianzisha Recommended Records mwaka 1978, duka la posta na lebo kwa pamoja. Orodha yake ilikuwa karatasi yenye maelezo mafupi ya kila santuri, na msikilizaji wa mji mdogo aliandika barua, akatuma fedha, akasubiri. Fred Frith alifundisha utunzi kwa miaka mingi katika Mills College, California. Georgina Born, aliyepiga besi na selo katika miaka ya mwisho ya Henry Cow, akawa profesa wa anthropolojia na muziki. Kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu taasisi ya IRCAM ya Paris kipo kwenye orodha yetu ya kusoma. Lindsay Cooper, aliyepuliza basuni na oboe, aliandika muziki hadi ugonjwa ulipomzuia, akafariki mwaka 2013.

Sasa njooni nami Brussels, kwa sababu hapa ndipo kamba inapogeuka kuelekea kwetu.

Aksak Maboul ni bendi ya Marc Hollander. Neno la kwanza, aksak, ni la Kituruki, maana yake kuchechemea, na wanamuziki hulitumia kwa mipigo ya Balkani na Uturuki isiyogawanyika sawa. Naomba tuupige mmoja pamoja. Makofi, na nguvu iwe kwenye kila «moja»: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Tena. Moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Mmeona? Hatua tatu fupi, ya nne ndefu, jumla tisa. Mwili unataka kuanza upya mapema, mpigo unakuambia ngoja. Hapo ndipo mchechemeo ulipo, na ndipo raha ilipo. Ahsanteni, mmenipigia vizuri.

Albamu ya kwanza ya Hollander, ya mwaka 1977, aliyoitengeneza pamoja na Vincent Kenis, inaitwa kwa Kifaransa Ngoma Kumi na Moja za Kupambana na Kipandauso. Ya pili, Un peu de l'âme des bandits, ilitoka mwaka 1980. Geuza jalada. Gitaa: Fred Frith. Dramu: Chris Cutler. Basuni: Michel Berckmans wa Univers Zero. Mimi niliyeanza na soksi nilipofika hapa nilihisi nimeingia nyumba ngeni na kukuta wajomba zangu wameketi sebuleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hollander akaanzisha lebo, Crammed Discs. Mwaka 1983 lebo hiyo ikatoa albamu ambayo ni santuri ya pili hapa mezani, iliyo chini ya soksi: Noir et Blanc, Nyeusi na Nyeupe. Majina ya mbele ni Zazou, Bikaye na CY1. Hector Zazou alikuwa mtunzi Mfaransa aliyezaliwa Algeria. Bony Bikaye ni mwimbaji kutoka Kongo, wakati ule Zaire. CY1 ni watu wawili, Guillaume Loizillon na Claude Micheli, na mashine zao za sauti, zile za zamani zilizounganishwa kwa nyaya nyingi kama ubao wa simu wa posta. Soma majina ya nyuma na utamkuta tena Frith, utamkuta tena Hollander. Mashine zinapiga mpigo mkavu unaojirudia, na juu yake Bikaye anaimba bila haraka, akiitikiwa na sauti yake mwenyewe. Miaka mingi kabla ya muziki wa mashine kuzagaa Afrika, watu hawa walikuwa wameshaonyesha kwamba duara la mashine na duara la ngoma zinaweza kuzunguka kwenye ekseli moja.

Wimbo mmoja humo unaitwa Dju Ya Feza.

Niliposoma jina hilo mara ya kwanza nilidhani macho yananidanganya. Andika kwa tahajia yetu: Juu ya Fedha. Na kwa Kiswahili cha Kongo, juu ya maana yake ni kwa sababu ya. Kwa sababu ya fedha! Nilikuwa nimefuata majina kutoka banda la kuku la Uppsala na studio ya milimani Uswisi, nikiamini naenda mbali na nyumbani kwa kila hatua, kumbe kichochoro kile kilikuwa kinapinda.

Hakikuishia hapo. Vincent Kenis wa albamu ile ya kipandauso alisikia rekodi za kikundi cha Kinshasa kinachopiga likembe, ile ala ya vyuma ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa vipaza sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari, akakitafuta kwa miaka mingi. Kikundi ni Konono Nº1, kilichoanzishwa na Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960. Mwaka 2004 Crammed wakatoa Congotronics, na dunia nzima ikasikia likembe ikinguruma. Tusiseme Wabelgiji waliwavumbua. Kinshasa iliwajua kwa zaidi ya miaka 30. Tuseme tu kwamba sikio lililozoezwa na mchechemeo lilikuwa tayari. Vivyo hivyo The Ex, bendi ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1979, walipokutana na mzee Getatchew Mekuria wa Ethiopia na saksafoni yake ya majigambo ya vita, wakatoa naye Moa Anbessa mwaka 2006. Hiyo nayo mtaitafuta wenyewe.

Kwa vijana walio hapa, nina ombi. Leo muziki wote uko kwenye simu, lakini nyuma ya jalada hakupo. Simu inakuonyesha picha, jina la bendi na idadi ya waliosikiliza. Mpiga basuni mara nyingi haonyeshwi. Kisha inakuletea bendi nyingine inayofanana, na nyingine inayofanana zaidi, mpaka unazunguka uani kwako. Ukipenda kitu, kizime kidogo, tafuta nani alikipiga, andika majina. Daftari linatosha. Na ninyi wenye bendi, mnaorekodi kwenye vyumba vya kulala na mabanda yenu: andikeni majina ya wote, hadi wa aliyeshika kipaza sauti, kwa sababu kuna mtu atakuja kuwatafuta miaka 40 kutoka sasa, na hana njia nyingine.

Muda wangu umekwisha. Maswali nitayapokea baada ya santuri. Fundi wa sauti ameshaiwasha mashine. Wimbo ni Dju Ya Feza, wa mwaka 1983. Tusikilize mpaka mwisho.